Unataka utabibu? Usiuze ng'ombe wa mzee kabla hujakikagua chuo

MATOKEO ya Kidato cha Nne yakishatoka tu, mji mzima wa Bunda unageuka ofisi ya ushauri. Kila mtu anajua chuo. Kondakta wa basi la Musoma anajua chuo. Shangazi wa Nyasura anajua chuo. Hata yule jamaa wa vocha pale stendi, ambaye mwenyewe aliishia darasa la saba, ana karatasi za rangi mfukoni zenye picha ya binti kavaa koti jeupe na stetoskopu shingoni, anatabasamu kama kashapata ajira.

Na kozi inayotajwa kuliko zote ni utabibu. Ukitoka Kabasa, ukapita Manyamanyama, ukafika Balili, utakuta vijana wenye ndoto hiyo hiyo: miaka mitatu, koti jeupe, kituo cha kazi, mshahara, heshima mtaani. "Dokta kaja!" Nani hapendi?

Hakuna ubaya. Kazi ni nzuri na nchi inaihitaji. Ubaya ni pale mzee anapotoa ng'ombe zizini, mama anamaliza mchezo wa upatu, mtoto anakwenda kusoma, halafu baada ya mwaka mmoja na nusu inagundulika chuo hakikuwa na ruhusa ya kufundisha ile kozi. Hapo ng'ombe hawarudi, na mtoto naye anarudi Kabasa na begi, hana cheti wala hana hamu ya kuongea na mtu.

Safu hii leo imekaa chini kukuchambulia mambo. Soma taratibu, kata uweke.

KWANZA, TABIBU NI NANI HASA?

Wazee wetu walimjua kwa majina mengi. Enzi za Mwingereza alikuwepo dresa, yule wa kufunga vidonda na kugawa kwinini. Kisha wakaja waganga wasaidizi wa vijijini, wale wa RMA, na juu yao waganga wasaidizi wenyewe, waliokuwa wakiitwa kwa Kiingereza "medical assistants". Pale Ifakara, mwaka 1961, Waswisi wa Basel walifungua kituo cha kufundishia watu wa afya ya vijijini, na katika miaka ya 1970 pakawa mahali pa kuwapika waganga wasaidizi wa serikali. Wakati ule Azimio la Arusha lilikuwa limeshapita, vijiji vya ujamaa vinajengwa, zahanati zinaota kila kona, na madaktari wenye digrii wanahesabika kwa vidole. Nani angekaa kwenye zahanati hizo? Ndiyo hao.

Baadaye jina likabadilika. Leo mtu huyo anaitwa tabibu, na yule wa ngazi ya chini yake ni tabibu msaidizi. Kazi imebaki ile ile: kumsikiliza mgonjwa, kumpima, kuagiza vipimo, kutambua ugonjwa, kuandika dawa, kushona jeraha, kupasua jipu, kujua nani wa kutibiwa hapa na nani wa kukimbizwa hospitali sasa hivi kabla mambo hayajaharibika.

Hilo la mwisho ndilo zito. Ukiwa kwenye zahanati ya kijiji, saa nane za usiku, mtoto kaletwa anatetemeka kwa degedege, hakuna daktari bingwa wa kumuuliza. Ni wewe, taa ya sola, muuguzi mmoja na Mungu. Ndiyo maana tunasema uchaguzi wa chuo si suala la chuo gani kina majengo bomba. Siku moja mtoto wa mtu atakuwa mikononi mwako.

Sasa tahadhari ndogo kwa wale wa intaneti. Ukiandika "medical assistant" kwenye simu yako, utaletewa vyuo vya Marekani vinavyotoa kozi ya miezi michache. Usichanganyikiwe! Kule mtu wa jina hilo ni msaidizi wa ofisi ya daktari: anapima presha, anatoa damu, anatunza mafaili. Hatambui ugonjwa wala haandiki dawa. Anayekaribiana na tabibu wetu kwa Marekani ni yule waitwaye "physician assistant", kada iliyoanzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965. Kwa hiyo cheti cha mtandaoni cha miezi sita hakikufanyi tabibu wa Tanzania hata ukitie fremu ya dhahabu.

VYETI VYAKO VINASEMAJE?

Kabla ya kuuliza chuo, jiulize mwenyewe. Stashahada ya utabibu ni ya miaka 3, ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 katika mpangilio wa elimu ya ufundi. Kuingia, mwombaji anatakiwa awe na ufaulu wa angalau D katika masomo 4 yasiyo ya dini, na ndani ya hayo lazima iwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza zinahesabiwa kama nyongeza nzuri.

Umeona hapo? Kama una C ya Kiswahili, C ya Jiografia, C ya Historia na C ya Uraia lakini Kemia una F, hiyo si sifa ya utabibu. Akitokea mtu akakwambia, "Lete hela, Kemia tutaimaliza hukohuko," jua unaingizwa mjini. Kemia haimalizwi kwa hela. Inamalizwa kwa kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka mmoja wa kurisiti unauma, sawa, ila ni nafuu kuliko miaka mitatu ya kusomea hewa.

Na kuna siri ambayo vijana wengi wanaigundua wakiwa wamechelewa. Ile Hesabu wanayoiita "nyongeza" ina siku yake ya kudai deni. Tabibu anayetaka baadaye kwenda chuo kikuu kusomea udaktari kamili, miongozo ya TCU imekuwa ikimtaka awe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0 kwenye stashahada, na juu ya hapo awe na D za Kidato cha Nne katika Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Kwa hiyo kama ndoto yako ni kufika Bugando au Muhimbili ukiwa daktari, na Hesabu una F, risiti mapema hata kama chuo cha utabibu kimekupokea bila hiyo. Usisubiri mpaka uwe na watoto wawili na rejesho la kikoba.

CHUO KUSAJILIWA NI KITU KIMOJA, KOZI NI KINGINE

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa changa la macho, kwa hiyo tulia nalo.

Vyuo vya kati vyote viko chini ya NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Zamani liliitwa NACTE, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, na wazee wengi bado wanaliita hivyo hivyo. Chuo kisichokuwa kwenye orodha ya baraza hili ni nyumba yenye madawati.

Lakini kuwa kwenye orodha peke yake hakutoshi. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa vizuri kabisa kufundisha famasia, au maabara, au ustawi wa jamii, lakini kozi ya utabibu hakijaruhusiwa. Kikitangaza utabibu hapo, kinakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo swali lako lisiwe "Chuo chenu kimesajiliwa?" Watakujibu ndiyo, na watakuwa hawajadanganya. Uliza hivi: "Kozi ya utabibu imeidhinishwa? Mna nafasi ngapi mwaka huu?"

Jibu lake usilichukue kwenye kipeperushi. Kila mwaka NACTVET hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, kipo bure kwenye tovuti yao. Ndani kuna jina la chuo, namba ya usajili, wilaya kilipo, kozi zilizoruhusiwa, sifa, idadi ya nafasi na ada. Simu yako hiyo hiyo unayoangalizia taarabu na mpira inakifungua. Kama huna bando, nenda pale kwenye kompyuta za mjini, lipa ukurasa mmoja upigiwe chapa.

Jambo la idadi ya nafasi nalo usilipuuze. Chuo kikiwa na ruhusa ya watu 100 kikapokea 180, wale wa ziada wana hatari ya kukwama, kwa sababu majina ya waliodahiliwa yanahakikiwa na baraza. Jina lako lisipohakikiwa, huna namba. Huna namba, huna mtihani. Na mtihani wa mwisho wa utabibu ni wa taifa, hautungwi na mkuu wa chuo. Hapo hata mkuu wa chuo awe mjomba wako, hakuna cha kukusaidia.

Kwa vyuo vya serikali maombi hupitia kwenye mfumo wa pamoja wa udahili. Kwa vile vya binafsi na vya madhehebu, mara nyingi unaomba chuoni kwenyewe. Utaratibu huu hurekebishwa, kwa hiyo fuata tangazo la mwaka wako, si la kaka yako aliyesoma mwaka 2017. Na popote uombe, hakuna "mtu wetu wa wizarani" anayepokea hela kwa simu ili akuingizie jina. Huyo ni tapeli, na laini yake itazimwa jioni hiyo hiyo.

UKAGUZI WENYEWE: ANZA NA WODI, SI GETI

Tuseme vyuo vitatu vimepita mchujo wa makaratasi. Sasa panda basi ukaangalie. Ndiyo, nauli ni hela, lakini ni hela ndogo kuliko ada. Nenda na mzazi au mlezi kama inawezekana, maana mzee akiona kwa macho yake hatakusumbua baadaye.

Ukifika, usibabaike na geti lenye rangi mpya. Uliza hospitali iko wapi.

Utabibu haujifunzi ubaoni. Unaujifunza pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Mwanafunzi anatakiwa apite wodi ya wanaume, ya wanawake, ya watoto, ya wazazi, ya upasuaji, akae chumba cha wagonjwa wa nje, akae kliniki ya mama na mtoto. Chuo ambacho hakina hospitali yake lazima kiwe na makubaliano ya maandishi na hospitali fulani. Waambie wakutajie ni ipi, halafu katembee mpaka hapo ukawaulize wanafunzi utakaowakuta na makoti.

Waulize hivi: Kitanda kimoja mnakizunguka wangapi? Kama wako 25 wanachungulia mgonjwa mmoja, wale wa nyuma wanaona migongo ya wenzao tu. Mwaka wa pili umeshashona jeraha kwa mkono wako, au umeangalia tu? Daktari anapita nanyi wodini mara ngapi kwa wiki? Kitabu chenu cha kazi za vitendo kinasainiwa na mtu aliyewaona mkifanya, au kinasainiwa chote siku moja kabla ya mtihani?

Majibu ya wanafunzi wa mwaka wa pili ni dhahabu. Wa mwaka wa kwanza bado ana furaha ya ugeni. Wa mwaka wa tatu anataka kumaliza aondoke. Wa mwaka wa pili ana machungu yote na hana sababu ya kuficha.

Halafu rudi chuoni, omba kuona chumba cha mazoezi. Pale panatakiwa pawe na midoli ya kufundishia kuzalisha, kupumulisha, kuweka mpira wa mkojo na kuchoma sindano. Iangalie. Kama bado imevikwa nailoni ya dukani, jua inasubiri wakaguzi, haisubiri wewe. Uliza walimu wangapi wa utabibu wameajiriwa moja kwa moja na wangapi wanapita tu. Mwalimu anayefundisha vyuo vitatu na ana zamu hospitalini, siku moja atakuwa hayupo, na kwa kawaida ni siku yenu.

Mwisho, uliza matokeo ya mtihani wa taifa wa mwaka uliopita. Waliingia wangapi, wakafaulu mkupuo wa kwanza wangapi? Chuo kizuri kitakutajia bila kupepesa macho. Chuo kimeo kitakupa soda.

MARA KUNA NINI?

Kijana wa Kabasa hana sababu ya kudhani kwamba chuo kizuri lazima kiwe Dar. Musoma mjini kipo chuo cha serikali cha matabibu. Huko huko Musoma ndiko iliko hospitali ya rufaa ya mkoa inayobeba jina la Mwalimu Nyerere, ile ya Kwangwa, ambayo ujenzi wake ulianza miaka ya 1970 ukalala miaka na miaka mpaka watoto wakawa wazee. Siku hizi inatibu watu.

Ukielekea Serengeti, Mugumu kuna chuo cha afya cha Kisare, jirani na Hospitali ya Nyerere. Ukielekea Rorya kuna Shirati, mahali ambapo Wamennonite walitia mguu mwaka 1934 na hospitali yao ikawa jina kubwa kandokando ya ziwa. Hivi ni vyuo vya kanda yetu vyenye hospitali mlangoni. Kozi zipi kila kimoja kimeruhusiwa mwaka huu, na nafasi ngapi, kitabu cha mwongozo kitakwambia.

Kusomea karibu kuna faida isiyoandikwa kwenye kipeperushi. Kwanza, mama anaweza kukutumia debe la udaga na dagaa kwa basi. Pili, wagonjwa utakaowakuta wodini ndio hao hao utakaowatibu kesho: malaria, kichocho cha wavuvi na watoto wanaooga ziwani, nimonia, upungufu wa damu, majeraha ya bodaboda. Tatu, lugha. Bibi wa Kijita au mzee wa Kizanaki akikueleza tumbo lake kwa lugha ya nyumbani, unamwelewa, wakati mwenzako wa mbali anatafuta mkalimani.

Hasara yake nayo ipo: hapa karibu na nyumbani kila msiba unakuita, kila harusi inakutaka kamati. Ukijijua una moyo wa kuitika kila mwaliko, nenda mbali kidogo.

Kuna na wale wa upande wa Tarime wanaoangalia ng'ambo ya mpaka wa Sirari, maana chuo cha KMTC cha Kenya kina tawi Migori. Kinajulikana na kina historia. Lakini masharti ya kuingia yamepangwa kwa mitihani yao, ada ya mgeni si ya mwenyeji, na ukirudi bado cheti chako kitapimwa ulinganifu na utasajiliwa upya na mabaraza ya hapa. Piga hesabu zote mbili, ya kwenda na ya kurudi.

HESABU YA NG'OMBE

Twende kwenye mfuko. Ada ya chuo unayotajiwa ni mlango tu, nyumba yenyewe iko ndani. Chukua mfano wa kichwani. Ada sh. 1,500,000 kwa mwaka: miaka 3 ni sh. 4,500,000. Chumba cha kupanga sh. 40,000 kwa mwezi kwa miezi 10: miaka 3 ni sh. 1,200,000. Chakula sh. 4,000 kwa siku kwa siku 300: miaka 3 ni sh. 3,600,000. Jumla sh. 9,300,000.

Kama ng'ombe mmoja mnadani anakwenda sh. 700,000, ng'ombe 13 wanaleta sh. 9,100,000. Bado unadaiwa laki mbili, na hujanunua koti, stetoskopu wala kipimo cha presha, hujalipa mtihani wa taifa, bima ya afya, wala nauli ya kwenda fildi. Zizi zima la mzee limekwisha, na kuna wadogo zako wanne nyuma.

Ndiyo maana mazungumzo ya nyumbani yafanyike kabla, tena kwa adabu. Si kumvamia mzee na karatasi siku ya mwisho ya kulipa. Mkalishe jioni, mwanzo kabisa:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umepata chuo?"

"Nimepata vitatu baba, ila sijachagua. Nimeandika gharama zote hapa, mpaka za chakula. Naomba tuangalie pamoja kama tutafika mwaka wa tatu."

Mzee akisikia "mpaka mwaka wa tatu" anajua anaongea na mtu mzima. Kwa maana ukweli ni kwamba wanafunzi wengi hawashindwi na Anatomia, wanashindwa na muhula wa nne. Hela inakata katikati ya daraja.

Chuo kiulize kwa maandishi: ada ni kiasi gani kwa miaka yote mitatu, inalipwa kwa awamu ngapi, je, inaweza kupandishwa ukiwa katikati, na michango mingine ni ipi. Hela ilipwe benki kwa jina la chuo, si kwenye namba ya simu ya mhasibu. Risiti tunza kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa.

Mikopo? Bodi ya Mikopo, HESLB, ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/24, lakini kwa fani zilizochaguliwa tu. Kusikia "afya ipo" kusikufanye udhani kila kozi ya afya imo. Soma mwongozo wa mkopo wa mwaka wako, tafuta jina la kozi yako kwa herufi. Kama halimo, usimwahidi mzee mkopo.

UKISHAMALIZA, JE?

Hapa hatutakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Zamani mtu akimaliza utabibu barua ya kazi ilikuwa inamsubiri. Siku hizi haiko hivyo. Serikali huajiri kwa vibali, nafasi zinatangazwa, na waombaji ni wengi kuliko viti. Wapo matabibu wenye vyeti safi ambao wanajitolea vituoni kwa posho ya nauli. Wengine wako hospitali binafsi, wengine kwenye mashirika, wengine wanaendesha bodaboda huku wakisubiri tangazo.

Tunakwambia haya si ili ukate tamaa. Serikali ilipokuja na mpango wake wa afya ya msingi mwaka 2007, shabaha ilikuwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na majengo hayo yote bila watu ni mabanda ya popo. Kazi ipo nchini tele. Kinachobana ni bajeti ya kuajiri. Katika kubanwa huko, anayejua kazi kwa mikono yake ndiye anayeitwa kwanza. Mwenye hospitali binafsi haangalii geti la chuo chako. Anakupa zamu ya siku tatu za majaribio, na siku ya pili anajua kama ulishika mgonjwa au ulishika simu.

Jambo jingine: hata ukishafaulu, huruhusiwi kutibu mpaka usajiliwe. Matabibu wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 2017. Usajili huo unaanzia kwenye chuo kinachotambulika na matokeo yaliyohakikiwa. Umeona jinsi mnyororo ulivyofungwa? Chuo feki, hakuna mtihani. Hakuna mtihani, hakuna usajili. Hakuna usajili, ukimchoma mtu sindano mtaani wewe ni mhalifu, hata kama dozi ulipatia.

Na kama baada ya kusoma yote haya unaona utabibu si wako, si mwisho wa dunia. Uuguzi na ukunga una baraza lake na soko lake. Maabara, famasia, mionzi, meno, macho, fiziotherapia, utunzaji wa kumbukumbu za afya: hizi zina foleni fupi zaidi kuliko utabibu kwa sababu vijana wengi hawazijui. Kijana mwenye akili haangalii wapi wenzake wanajazana. Anaangalia wapi pana upungufu.

MASWALI 10 YA KWENDA NAYO MFUKONI

1. Jina la chuo na namba ya usajili vipo kwenye kitabu cha NACTVET cha mwaka huu?

2. Kozi ya utabibu imeidhinishwa hapo, kwa ngazi zote mpaka ya 6?

3. Nafasi ni ngapi, na mpaka sasa mmepokea wangapi?

4. Hospitali ya mafunzo ni ipi, iko umbali gani, na makubaliano yapo kwa maandishi?

5. Kitanda kimoja kinazungukwa na wanafunzi wangapi?

6. Walimu wa kudumu wa utabibu ni wangapi?

7. Mtihani wa taifa uliopita, wangapi walifaulu mkupuo wa kwanza?

8. Ada na michango yote ya miaka 3 ni kiasi gani, kwa awamu ngapi?

9. Hosteli ipo? Kwa mabinti, kuna uzio, maji na mlinzi, au ni kupanga mtaani na kurudi zamu usiku peke yako?

10. Waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi sasa? Nitajie vituo viwili nikawaulize.

Chuo kikijibu nane kati ya haya bila kukuzungusha, kaa nacho mezani. Kikijibu manne, kunywa maji yao, waage vizuri, panda basi. Kikianza kukuharakisha, "Leo mwisho, lipa laki mbili tukushikie nafasi," hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote. Hata duka la mitumba linakuruhusu ujaribu shati kwanza.

Dada yangu, kaka yangu, koti jeupe linapatikana hata mnadani kwa bei ya soda tatu. Kilicho ghali ni mikono inayojua la kufanya pale mama wa Kabasa anapofika saa nane za usiku na mtoto mgongoni. Chagua chuo kitakachokupa mikono hiyo. Ng'ombe wa mzee mwache zizini mpaka umepata majibu.